Mama Philomène Bolumbu, Aliyemngoja Ajida Mlangoni Pake

Mheshimiwa Padri, viongozi wa mtaa na wa chama, ndugu zetu wa Yanonge mliopanda mto tangu jana, akina mama wa soko kuu mliofunga meza zenu leo, majirani wa Mangobo, jamaa na marafiki, familia imetupa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu Philomène Bolumbu, naye mwenyewe alituachia amri mbili juu ya kazi hii, ya kwanza kwamba tusimfanye malaika, kwa sababu malaika hawauzi samaki, na ya pili kwamba tusiruke mwaka wowote, hata ile miaka ambayo wengine wangependa tuiruke. Anayeona haya na azibe masikio, sisi tutasoma.

Mama Philomène alizaliwa Yanonge tarehe 14 Machi 1932, binti wa Papa Faustin Lofemba, mvuvi na mchuuzi wa samaki wa moshi, na wa Mama Augustine, mwanamke ambaye akimwita mumewe kwamba chakula kiko tayari, wavuvi wa ng'ambo nao walikuwa wakigeuza pirogi zao, yaani mitumbwi. Alibatizwa mwezi huo huo kwa jina la Philomène, na jina hilo hakulitoa mpaka kufa, ingawa mwaka 1972, majina ya Kizungu yalipokatazwa, karatasi za serikali zilimvua na kumwachia Bolumbu peke yake, naye akasema serikali iandike inavyotaka, Mungu amekwisha kumzoea hivyo hivyo.

Yanonge ni mahali pa mto, mgeni hufika kwa maji, na ukingo wetu una matope mwaka mzima, kwa hiyo akifika mgeni wa heshima, akina mama hufungua vikwembe vyao, vile vitenge vya kujifunga kiunoni, wakavitandika toka kwenye pirogi mpaka mahali pakavu, na mgeni hupita peke yake, wa kwanza, wenzake wakimngoja hadi amalize, kwa maana anayekanyaga nguo ile kabla ya mwenyewe amekula heshima isiyo yake. Mliozaliwa mjini tunawaomba mshike vizuri neno hili la mgeni kutangulia, kwa sababu ndilo lililomponza mama yetu.

Masomo aliyapata kwa masista, tangu mwaka 1940 hadi 1945, akajifunza kusoma, kuhesabu, kushona na kuimba sauti ya pili, akatoka huko na cheti cha ushonaji na tabia ya kusahihisha watu, tabia ambayo wakwe zake waliivumilia kwa Ukristo mkubwa.

Tarehe 21 Julai 1951, katika mji huu wa Kisangani ambao wakati ule uliitwa Stanleyville, alifunga ndoa na Papa Augustin Lokangu, mzaliwa wa Isangi, seremala katika kiwanda cha kutengeneza meli, mtu mpole ambaye alipima hata salamu kabla ya kuitoa, na watu waliomjua walijiuliza namna gani mwanamke mwenye maneno mengi hivyo na mwanamume mwenye maneno machache hivyo wangeweza kukaa nyumba moja, lakini walikaa, wakapendana, na mama alikuwa akisema kwamba mumewe anazungumza sana ila anazungumza na mbao. Siku ya harusi mama mkwe alimfunga kikwembe chekundu chenye ndege wa manjano, nguo nzito ya bei, na mama aliitoa sandukuni siku za ubatizo na Pasaka tu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Édouard aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1953, na Berthe aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1956, ambao ndio wafiwa wetu wa leo.

Kwa upande wa kazi, mama aliuza samaki katika soko kuu la Makiso tangu mwaka 1958, samaki wa moshi na wale wa kupikwa ndani ya majani tunaowaita maboke, na mwaka 1972, wakati kila mtaa ulipopewa kundi lake la kuimba na kucheza kwa ajili ya kuwapokea wakubwa, alichaguliwa kuongoza mstari wa akina mama, kwa sababu alikuwa na sauti ya mama yake na hakuna aliyetaka kubishana naye. Alicheza juani, alicheza mvuani, na alicheza kwa moyo, hilo tunalisema wazi, maana wapo waliosema baadaye kwamba alikuwa mpinzani wa serikali, na ni uongo, mama hakumpinga mkubwa yeyote katika maisha yake, alimpinga mtu mmoja tu, na hakuwa mkubwa.

Tarehe 18 Mei 1974 Kamishna mmoja kutoka Kinshasa alifika bandarini Makiso kwa meli, akitoka kuzuru miji ya mto, na mji mzima ulipangwa kando ya maji tangu asubuhi, akina mama wote wamevaa kitambaa cha chama chenye mwenge. Mama alikuwa amefikiri usiku uliotangulia kwamba mgeni mkubwa namna ile hawezi kushuka melini akanyage ubao mtupu wenye maji na mafuta, na kitambaa cha chama hakiwezi kutandikwa chini, nani angethubutu kuweka mwenge chini ya viatu, basi akachukua kikwembe chake cha harusi, akakificha chini ya nguo ya sare, na meli ilipofunga kamba alitoka mstarini akiimba, akapiga magoti chini ya daraja la meli, akakitandika vizuri juu ya ubao, ndege wote wakitazama juu. Alimngojea mgeni atangulie, kama Yanonge, lakini wakubwa wa serikali hawatembei kama wageni wa Yanonge, mkubwa wa serikali hutanguliwa na walinzi wake, na wa kwanza kushuka hakuwa Kamishna, alikuwa mkuu wa walinzi, adjudant, au ajida kama tunavyosema sisi, jina lake Bosenda.

Ajida Bosenda alikanyaga kikwembe kwa buti zake zenye chuma, nguo ikateleza juu ya ubao wenye mafuta, miguu ikaenda mbele na mtu akabaki nyuma, akaanguka kwa makalio mbele ya mji mzima wa Kisangani, kofia ikaviringika na bastola ikatoka kiunoni ikaingia mtoni, ambako iko mpaka leo. Bandari nzima ilicheka, walicheka wapagazi, walicheka wanafunzi, walicheka wacheza ngoma, na Kamishna mwenyewe juu ya meli alionekana akiziba mdomo kwa kitambaa. Aliyekuwa hacheki alikuwa mmoja tu, mama, ambaye alikuwa bado amepiga magoti akinyoosha nguo, kwa sababu mgeni alikuwa hajapita, na Ajida alipoinuka akipiga kelele "Longwa! Longwa na nzela!" yaani ondoka njiani, hakumshika hata mmoja wa wale waliocheka, alimshika yeye, kwa nywele. Kisangani ilicheka, na Philomène akalipa.

Kesi yake ilisikilizwa tarehe 6 Juni 1974, akashitakiwa kwa sheria inayokataza mtu kuwazuia askari wanaowalinda wakubwa wa serikali wakiwa kazini, sheria ambayo hakuna mama hata mmoja wa soko kuu aliyewahi kuisikia, na ambayo tangu siku ile tunaijua kama Salamu Maria. Hatusemi kwamba sheria hiyo ni mbaya, mkubwa lazima alindwe na mlinzi lazima apewe njia, tunasema tu kwamba panga halijui muhogo na kidole, linategemea mkono. Akina mama wenzake waliitwa, wakasema walikuwa wakicheza na hawakuona kitu, wengine wao mko hapa, familia haiwalaumu, kila mmoja alikuwa na watoto nyumbani. Alibaki Ajida, ambaye aliwaambia waamuzi kwamba mwanamke yule alimtegea mtego, na mwamuzi mmoja, mtu wa mto, alipomuuliza kama hajui kwamba huku kwetu nguo hutandikwa kwa heshima, mtu huyu aliyekuwa amesindikiza wakubwa katika kila bandari na kuona vikwembe vimetandikwa mara ngapi, alijibu, "Mambo ya bikwembe, miye sijue, miye niko askari." Kwa maneno hayo mama alipata miezi minane ya gereza.

Sasa tunafika mahali ambapo tunaomba utulivu. Papa Augustin alifanya jambo ambalo mume yeyote wa kwetu angelifanya, mwezi wa Julai alichukua mbuzi dume, akamchukua na tonton Arthur, ndugu yake, awe shahidi, akaenda nyumbani kwa Ajida kuomba msamaha kwa niaba ya mkewe, na Ajida akampokea mbuzi, akamchinja, nyama ikapikwa, Papa Augustin na Ajida wakala katika sahani moja, wakanawa katika maji mamoja, na Ajida akasema, "Bon, papa, uende, bibi yako atatoka." Kila mtu hapa, mkubwa kwa mdogo, Mkristo na Mwislamu, anajua kwamba ukila mbuzi wa mtu huna tena neno naye, kesi imekufa tumboni mwako. Papa Augustin alirudi nyumbani akiimba, na Berthe anasema hiyo ndiyo mara pekee aliyomsikia baba yake akiimba.

Siku zikapita, mama hakutoka, na tarehe 1 Agosti Papa Augustin alikwenda kwenye lango la kambi kuuliza, kofia mkononi, akasimama pembeni, na Ajida alipotoka mbele ya magari ya mkubwa akamwona, na pengine alikumbuka kicheko cha bandarini, au aliona haya ya kuulizwa ahadi mbele ya vijana wake, sisi hatujui, ila tunajua alichosema, alisema hamjui mtu huyu, tena anawazuia walinzi njia. Walimpiga kwa vitako vya bunduki. Tonton Arthur alimsukuma kwa toroli mpaka hospitali, na tarehe 9 Agosti 1974 Papa Augustin Lokangu akafariki, akazikwa siku ya pili bila mkewe, kwa sababu gereza lilikataa kumpa ruhusa hata ya kutupa udongo.

Berthe ndiye aliyempelekea mama habari, pamoja na chakula, na mama hakulia, alimwuliza mtoto wake kitu kimoja tu, "Alikulaka mbuzi?" na Berthe akajibu, "Alikula, mama, sahani moja na papa," mama akafunika chakula bila kukigusa, akasema, "Alors, hii kesi haiko tena ya serikali, iko yangu." Tangu siku ile mama yetu alitaka jambo moja duniani, na tunalisema bila kulipaka sukari, alitaka kumwona Ajida Bosenda amesimama mbele ya waamuzi wale wale, kwa sheria ile ile, akiwa hana wa kumsemea.

Alitoka gerezani mwezi wa Februari 1975 na moja kwa moja akavaa nguo nyeusi, na mwaka ulipotimia, familia ilipokusanyika Yanonge ili kumvua ujane na kuondoa matanga kama ilivyo desturi, alikataa, akasema matanga hayaondolewi wakati marehemu bado ana kesi, na wazee walibishana naye mchana kutwa, wakashindwa, wakapanda pirogi zao. Kanisani aliendelea kwenda kila Jumapili, Padri anajua, alisali Baba Yetu kwa sauti yake yote, lakini akifika pale pa kuwasamehe waliotukosea alifunga mdomo, akangoja wenzake wapite, kisha akaendelea nao, na alipoulizwa alisema kwamba mtu asimdanganye Mungu hadharani.

Mwaka 1977 Ajida Bosenda aliondolewa katika ulinzi wa wakubwa, sababu haikutangazwa, ingawa ilisemekana kwamba petroli ya magari ya serikali ilikuwa na tabia ya kupungua alipokuwa zamu, naye akafungua baa hapa Mangobo, kwenye njia kubwa, akaweka viti vya chuma na muziki. Mama aliposikia aliacha meza yake ya Makiso, meza ya karibu miaka ishirini na wateja wake wote, akahamia Mangobo, akaweka meza mpya ya maboke upande wa pili wa njia, uso kwa uso na mlango wa baa. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Hakumtukana, hakumtupia mchanga, hakumroga, asubuhi Ajida akifungua mlango alimsalimia kwa heshima, "Mbote, Ajida," kisha akakaa kwenye kigoda chake, mweusi toka kichwani mpaka miguuni, akamtazama.

Ndugu zangu, nani anaweza kunywa bia na kucheka mbele ya mjane mwenye msiba? Walevi wetu wana kasoro nyingi ila wana haya, walikuwa wanakunywa chupa moja wamegeuza mgongo, halafu wanakwenda kumalizia kwingine, na wengine walivuka njia kununua samaki wa mama ili dhamiri ipoe, kwa hiyo baa ikakonda na meza ikanenepa. Ajida aliita polisi, polisi wakaja, wakamwuliza mama anamzuia nani, naye akajibu, "Sizuie mutu njia, naangalia tu," wakatafuta sheria ya kumkataza mama wa samaki kuangalia, hawakuipata, wakanunua liboke kila mmoja, wakaondoka. Miaka mitano ilikwenda hivyo, Ajida akaanza kunywa mwenyewe bia ambayo wengine hawakuinywa, na anayekunywa duka lake mwenyewe, mwisho wake mnaujua.

Tarehe 11 Septemba 1982 Kamishna mpya alipita Mangobo na msafara wake, na Ajida, ambaye wakati huo alikuwa amebaki na makreti matupu na deni la nyumba, alitoa koti lake la zamani la jeshi, akavaa, akanyoa ndevu, kwa matumaini kwamba walinzi wa siku hizi, vijana ambao baadhi yao aliwafundisha kazi, watamtambua na kumtaja kwa mkubwa. Magari yalipokaribia akaingia njiani, akasimama wima, akapiga saluti. Hawakumtambua. Waliona mlevi mwenye koti la jeshi mbele ya gari la mkubwa, wakaruka chini wakipiga kelele zile zile za bandarini, na ndani ya dakika chache Ajida Bosenda alikuwa amelazwa kifudifudi juu ya vumbi, mikono nyuma, akishitakiwa kwa kuwazuia walinzi wa mkubwa wa serikali katika kazi yao. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Baa haikuwa na mteja siku ile, njia ilikuwa imefungwa tangu asubuhi, na watu waliosimama mbali waliona mgongo tu, shahidi aliyekuwa upande wa pili wa njia, macho wazi, akimtazama Ajida kama alivyomtazama kila siku, alikuwa mama peke yake. Kabla ya siku ya kesi, Mama Claudine, mke wa Ajida, mwanamke asiye na kosa ambaye familia inamheshimu, alikuja kwa mama na mbuzi jike kwenye kamba, akapiga magoti, akalia, akasema mumewe alikuwa anapiga saluti tu na mama aliona. Mama alimwinua, akampa kiti, akampa maji, akafunga maboke kwa ajili ya watoto, kisha akamwambia, "Mama, nikikula huyu mbuzi, nitasamehe, na miye sitaki kusamehe, umurudishe ku nyumba." Hapo ndipo tunapotaka watu wa Kisangani waone tofauti, kwa sababu yupo aliyekula mbuzi na kuua, na yupo aliyeheshimu mbuzi akamwacha hai.

Tarehe 4 Oktoba 1982 mama alisimama mbele ya waamuzi, mweusi, mwenye umri wa miaka hamsini, na alipoulizwa Ajida alikuwa wapi alijibu kwamba alikuwa katikati ya njia, mbele ya walinzi, na alipoulizwa kama walinzi walishindwa kupita alijibu kwamba gari lilisimama, na yote hayo yalikuwa kweli. Mfa maji haachi kutapatapa, Ajida alisahau kwamba haruhusiwi kusema, akaita kwa sauti, "Mama, ubaambie nilikuwa napiga saluti! Uliona mukono yangu!" na mwamuzi mkuu akamgeukia mama, akamwuliza kama ni kweli, kama mtu huyu alikuwa anatoa heshima. Mama aliuona mkono ule, alituambia sisi wa nyumbani kwake, aliuona kwenye paji la uso, kidole gumba kimekunjwa vizuri kijeshi, na alijua kwamba mtu yule hakuwa na nia ya kumzuia mtu, kama vile yeye hakuwa nayo, na neno moja lingetosha. Alimtazama Ajida, akawajibu waamuzi, "Mambo ya saluti, miye sijue, miye niko mama wa samaki." Ajida alipewa miaka miwili, na wanaosema mama alidanganya tunawaambia ndiyo, alidanganya, na anayetaka kumlaumu aanze kwanza na wa 1974.

Jumamosi ya tarehe 23 Oktoba 1982 matanga ya Papa Augustin yaliondolewa, miaka minane baada ya kifo chake, mama akaoga mtoni, nguo nyeusi zikatupwa kwenye maji, akavaa nyeupe, akacheza mpaka wajukuu wakachoka, na bia yote ya sikukuu hiyo aliagiza inunuliwe kwa Mama Claudine, bila kubishana bei. Padri alimwuliza kama hajuti, akajibu kwamba anajutia mengi, kasirani, masengenyo, na kugombana na mama mkwe juu ya chumvi, lakini hilo hapana, na kama mlango wa mbinguni ni mwembamba atasimama nje, amezoea kukaa mbele ya milango ya watu.

Ajida alitoka gerezani mwaka 1984, amekonda, anakohoa, baa imefungwa, na mara kadhaa alikuja mbele ya meza ya mama akasimama, akasema, "Mama Philo, tumalize, tumezeeka," na mama alikuwa anawahudumia wateja wengine kwanza, wote, mpaka aliyekuja kuuliza bei tu, kisha anamjibu, "Mambo yetu ilikwisha siku ulikula mbuzi ya bwana yangu, ni weye uliiamusha." Hakuwahi kumjibu zaidi ya hapo.

Ugonjwa ulianza mwaka 1986, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, daktari akasema ni moyo, na mama akashangaa, akasema moyo wake umefanya kazi nzuri siku zote. Alilazwa mara ya kwanza mwezi wa Juni 1987, akatoka, akauza samaki akiwa ameketi, akalazwa tena tarehe 11 Januari mwaka huu, na siku za mwisho, akili yake ikiwa safi kuliko ya sisi tuliomlinda, alipanga mazishi yake mwenyewe, nyimbo, sufuria, nani asipewe kazi ya kugawa bia. Alifariki tarehe 2 Februari 1988, saa mbili asubuhi, Berthe akimshika mkono, akiacha watoto wawili, wajukuu tisa na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza na kuvumilia kusahihishwa naye mpaka siku ya mwisho, inawashukuru majirani wa Mangobo waliolala nje pamoja nasi, inawashukuru wenzake wa soko waliopika pondu ya majani ya muhogo na fufu za kilio hiki, inamshukuru Padri, na viongozi wa chama waliotuachia uwanja.

Mwisho kabisa familia inamshukuru mgeni mmoja, yule papa mwenye shati jeupe aliyeketi hapa mbele, kwenye kiti chenye mto, karibu na sanduku, wengi wenu mmekuwa mkijiuliza ni ndugu gani wa marehemu anayepewa nafasi kubwa hivi. Ni yeye, Citoyen Bosenda, Ajida. Mama ndiye aliyesema, "Mumualike, mumuweke mbele, ku kiti muzuri, asikie yote," na Édouard alimpelekea mwaliko kwa mkono wake, naye akaja, na tuliona machoni pake alipokaa kwamba anadhani marehemu amemwachia neno. Amekuachia, papa. Ni hili tulilolisoma, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na lingine hakuna.

Mama Philomène, shuka sasa ulale kwa amani, hukuacha kazi yoyote nusu.